Zamu ya Maji ya Mzee Mitei

Enzi zetu kule juu ya Roret, majani ya chai yakianza kukunjamana kwa jua, sisi watoto tulijua mchezo umehamia kwenye chemchemi. Maji yalitoka chini ya jiwe polepole, kama mtu anayefikiria, na ng'ombe wa kijiji kizima walingoja zamu. Sisi tulifinyanga ng'ombe wetu wa udongo, tukawalisha nyasi, huku tunatafuna kimyet baridi, ugali wa wimbi uliofungwa kwa jani la mgomba. Tulikuwa mimi, rafiki yangu Chelang'at, na Moraa, binti wa Mama Nyaboke. Huyo mama alikuwa mjane kutoka upande wa Kisii, alikuja kuchuma chai akabaki. Ng'ombe wake alikuwa mmoja.

Zamu ilipangwa na Mzee arap Mitei, mkubwa wa kokwet, yaani baraza la wazee wetu, na tena mzee wa kanisa. Ng'ombe aliyezaa karibuni anakunywa kwanza, halafu wa wajane, halafu wengine, na wa kiongozi mwisho. Mara nyingi ng'ombe zake walipata tope. Mkewe alikuwa akisema, "Wengine wakipata cheo wananenepa. Sisi hata ndama wanaonyesha mbavu."

Mzee anamjibu, "Mchungaji akinywa kwanza, huyo si mchungaji, ni fahali."

Basi kiangazi kimoja ng'ombe wa Mama Nyaboke akazaa. Akamleta asubuhi, zamu yake ya kwanza. Kibet, mtoto mkubwa wa Mzee Mitei, akaingiza kundi lote la baba yake mbele yake. "Mama, wewe ngoja. Maji ni ya wenyeji." Walipotoka, chemchemi ilikuwa matope matupu. Yule ng'ombe alinusa, akageuza kichwa. Bila maji hangetoa maziwa, na ndama alikuwa amelala nyumbani anangoja. Kila mtu pale alijua.

Mchana kokwet ikakaa. Wazee walitaka kufunika mambo. Mzee Kirui akasema, "Boiyo, mzee mwenzangu, huyo ni kijana tu. Mwonye nyumbani, yaishe."

Mitei akasimama. "Eli alikuwa kuhani, mtu mpole. Watoto wake walinyang'anya watu nyama ya sadaka, yeye akawaonya nyumbani. Mnajua iliishaje: yeye na watoto wake walikufa siku moja. Mnataka niwe Eli wa hapa?"

Akaamua Kibet achote tope kwa mikono mpaka maji yawe safi, na ng'ombe za mzee mwenyewe wasikanyage pale mpaka mvua inyeshe. Watateremka mtoni, mbali kule bondeni.

"Baba, mbele ya watu?" Kibet akauliza.

"Ulikosea mbele ya watu."

Halafu mzee mwenyewe akavua koti, akaingia topeni na mtoto wake. Jua likielekea kuzama, ng'ombe wa Mama Nyaboke akanywa. Ndama akapona, Moraa akamwita Zamu. Fahali mweusi wa Mitei alianguka kwenye njia ya mtoni, hakuinuka. Mzee hakubadilisha neno lake.

Siku hizi tuna maji ya mfereji nyumbani, na kiangazi cha vijana ni simu kukosa chaji. Kiongozi akifika kanisani amechelewa, tunakatiza wimbo. Anapewa kiti cha mbele, anasema habari zake, anaondoka kabla ya mahubiri. Vijana wanakimbia nje kupiga picha na gari lake.

Juzi tulikuwa na ibada ya shukrani kanisani kwetu. Waheshimiwa walipakuliwa chakula kwanza, hata madereva wao. Mjukuu wangu Chebet akaniuliza, "Kogo, mbona huli?"

"Naangalia nani atakuwa wa mwisho."

Tukaangalia pamoja. Wa mwisho walikuwa akina mama waliopika, na walikuta sufuria tupu.