Wanacheza Tu

Miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini kwetu, mume wangu alipata kazi ya ulinzi kwenye kambi ya wazungu nje ya Palma. Mzungu mmoja alipohama alimwachia mbwa wake, bado mchanga, mnene, mwenye mkanda shingoni. Basi mbwa wetu mzee, aliyetufukuzia nguruwe kwenye mihogo miaka yote, hakupumzika tena. Mbwa mgeni alimrukia akiwa amelala, akamvuta masikio, akambwaga matopeni. Nikilalamika, mume wangu anacheka: "Waache, mama watoto. Wanacheza tu." Hata siku sikio la mbwa mzee lilipochanika, alicheka vilevile.

Lakini nilishaona kwamba mgeni akitishwa kidogo tu, hukimbilia kwa bwana wake.

Ijumaa moja mvua ilikuwa imekatika, uwanja tope tupu. Nilingoja mpaka mume wangu akatoka na kanzu nyeupe, ameshatia udhu, adhana imeshaadhiniwa. Ndipo nikamtupia mzee kichwa cha jodari. Mgeni akaruka kukipora. Mzee akamkamata shingo, akamburura. Alipomwachia, yule akakimbia akilia, akamrukia mume wangu kifuani. Mate na tope kanzu nzima! Na najisi ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, wakati swala ya Ijumaa haimsubiri mtu.

"Umeona alichonifanyia?" akafoka.

Nikamletea ndoo ya maji, na udongo kwenye kopo.

"Waache, baba watoto," nikamwambia. "Wanacheza tu."