Piano ya Kumsubiri Mama Marie

Pélagie Byamungu, mshonaji wa Kabambare, hakuwahi kumiliki piano. Alijifunza kuipiga usichanani, kwa watawa wa Kasongo. Tangu aolewe alikuwa akizoeza kwaya ya parokia kwa vidole vilivyotembea juu ya meza ya cherehani, huku midomo ikitoa sauti ambazo mbao zilishindwa kutoa.

Kwaya ilipouza mpunga wa shamba lake la pamoja, ilimtuma Kasongo na Hervé, mwimbaji wa sauti ya tatu mwenye pikipiki. Agizo lilikuwa wazi: walete piano ya umeme yenye taa na ngoma ndani, kama ile iliyotikisa harusi moja huko Lusangi.

Dukani kwa Ramazani zilikuwapo mbili ambazo fedha yao iliziweza, na zote zilikubali betri. Ya kwanza ilikuwa ile hasa waliyoagizwa. Hervé alibonyeza kitufe kimoja, ngoma zikalia, taa zikakimbizana, naye akaanza kucheza mabega. Ya pili ilikuwa nyeusi, bila pambo lolote. Pélagie aliigusa polepole, ikanong'ona. Alipokaza kidole, sauti ikapanda naye. Alirudia mara kadhaa, kisha akauondoa mkono haraka, kama mtu aliyekutwa akionja mboga ya wageni.

Kilichomtisha ni furaha yake mwenyewe. Je, alikuwa akiichagulia kwaya, au akimchagulia yule msichana aliyekuwa yeye kwa watawa? Akirudi na kitu ambacho hakuna aliyekiomba, nani angemwamini tena kusimama mbele yao?

"Mama Pélagie," Hervé akasema, "watu walisema ile yenye ngoma. Mimi siko ndani ya hiyo kesi."

Pélagie hakubishana. Alimwomba ampigie simu, kwa spika, Mama Marie, mjane ambaye kila Jumapili ndiye anayeanzisha nyimbo. Mama Marie hulivuta neno analolipenda hadi moyo wake utosheke, na kwaya nzima humsubiri. Alikuwa akimenya mihogo. Alinung'unika kwanza, kisha akakubali kuimba wimbo wa matoleo.

Pélagie akamfuata kwa piano ya taa. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wa pili, Mama Marie alikaa juu ya jina la Bwana, akakaa. Ngoma zikampita, zikaenda zake. Wimbo ukakatika.

"Pélagie, huyo mupiga ngoma iko anakimbia nani?"

Ramazani alicheka hadi akashika meza. Pélagie akahamia kwenye ile nyeusi, akamwomba mama aanze upya. Safari hii, mama alipokawia, vidole navyo vilikawia, sauti ikipungua chini yake bila kumwacha; alipojikaza, ikajikaza. Aliimba beti zote.

"Huyu wa sasa ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Weye nakujua. Nauliza huyu mwenye kunishika mukono."

Pélagie alifuta vitufe kwa ncha ya kitenge chake, ingawa havikuwa na vumbi, kisha akamwambia Ramazani kwamba wanachukua nyeusi. Akamgeukia Hervé, akamwomba asijitwike lawama: watu wakikosa taa zao, aseme ni mshonaji aliyekosea.

"Hapana," Hervé akasema. "Nitasema tulichagua wawili. Nao wakizomea, Mama Marie ataanzisha wimbo, weye utamufuata. Tutaona nani atabaki na mudomo."

Nje, mawingu yalikuwa yamekwisha kuifunika njia ya Kabambare. Hervé alivua koti lake la mvua, la pekee alilokuwa nalo, akaifunika piano na kuikaza kwa kamba za mpira nyuma ya pikipiki. Kisha akapanda akiwa na shati tu, akamsubiri Mama Pélagie akae vizuri.