Rangi Mpya kwa Bastola ya Mzee Osundwa

Pale Mayoni, ukitaka kumjua Mzee Osundwa, tazama lango lake. Hulipaka rangi kila Disemba, hata kama ile ya mwaka uliopita bado inang'aa. Trela zake za kubebea miwa, enzi hizo akiwa nazo, zilikuwa nyekundu kama pilipili, na kiatu chake cha kanisani ungeweza kukitumia kama kioo ukachana nywele. Majirani walimtania kwamba siku akifa, jeneza lisipopakwa rangi mara mbili atakataa kuingia. Yeye alicheka, akasema kitu kilichochakaa ni aibu ya mwenyewe, akaenda kununua brashi nyingine.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukipaka rangi, nacho ni bastola. Ilikuwa ya zamani, zile za risasi sita zinazokaa ndani ya kichumba cha mviringo, ukibonyeza kitasa inakunjika katikati kama mtu anayeinama. Aliipata kwa leseni halali zamani alipokuwa akibeba mishahara ya wakata miwa, baada ya majambazi kumvizia siku moja ndani ya miwa na kumwacha na suruali tu. Alipoipata ilikuwa tayari imetumika na mtu mwingine, lakini ilikuwa bado nyeusi tititi. Sasa weusi ule ulikuwa umebanduka kila mahali, na safari hii alipokwenda kuhuisha leseni, afisa kijana aliigeuza mkononi akamuuliza ilipigana vita gani. Ofisi nzima ilicheka. Mzee naye alicheka, ila aliporudi nyumbani hakumaliza chai yake.

Hapo ndipo lilipomjia wazo la kuirudishia rangi. Na lilimjia pamoja na wazo jingine kubwa zaidi. Wazee wa zamani waliwaachia vifungua mimba wao mkuki. Yeye hakuwa na mkuki, ila alikuwa na bastola, na kifungua mimba wake ni Phanuel, fundi wa magari Nakuru, mtu mzima mwenye mke na mtoto. Angeing'arisha, wafuate taratibu za leseni, kisha amkabidhi mwanawe mbele ya watu. Alitumaini kwamba siku hiyo Phanuel angelala nyumbani. Maana Phanuel halali nyumbani. Akija, huja asubuhi, hukaa kwenye kiti cha karibu na mlango, na kabla kuku hawajapanda bandani ameshaaga. Mzee aliita hayo majivuno ya mjini, lakini yalimuuma, na alivyozidi kuzeeka yalizidi kumuuma.

Alimpigia simu kumweleza habari ya bastola.  Phanuel akasema mtandao ni mbaya, na simu ikakatika. Mzee alilaumu mlingoti wa simu.

Mkewe, Muhonja, alipoelezwa, hakuinua hata macho. "Iache tu hivyo, Baba Phanuel," alisema. "Iko sawa." Mzee alijisemea moyoni kwamba wanawake na silaha wapi na wapi, akaipangusa, akachukua karatasi zake zote, akaenda nayo Kisumu.

Kisumu kuna bwana mmoja aitwaye Farouk, ana duka lenye kibali cha kuuza na kutengeneza silaha. Farouk aliikunjua bastola, akahakikisha haina kitu, akailaza juu ya kitambaa cheupe kama mtoto wa kliniki. Alieleza kwamba kazi yenyewe ni kuisugua mpaka chuma kitupu, kuilainisha, kisha kuichovya kwenye dawa ya moto mpaka iwe nyeusi ya samawati kama mpya. Lakini alimwonya pia. Ukisugua, maandishi yake hufifia na kona zake hulika, na wapo watu wanaoipenda bastola ya zamani kwa uzamani wake. Kwa hiyo aamue mwenyewe: aichovye au aiache.

Mzee akasema aichovye, bila shaka, kwa nini aende nyumbani na kitu kama sufuria ya matanga.

Farouk akachukua kalamu ya risasi aanze kumwonyesha mahali penye kazi kubwa. Hapa kwenye mdomo wa mtutu, akasema, ni ngozi ya mkoba wako wa kiunoni iliyokula rangi. Hapa kwenye kona, hivyo hivyo. Kisha akaigeuza upande wa kulia. Juu kidogo ya mpini palikuwa na kiraka cheupe, laini, kinachometameta, mviringo kama shilingi. Chini yake ubao wa mpini ulikuwa umelika bonde kabisa. Farouk akaiangalia, akamwangalia mzee.

Alimuuliza kama yeye hutumia mkono wa kushoto. Mzee akasema hapana, tangu azaliwe. Farouk akamwomba aishike. Mzee akaishika, na dole gumba lake likatua upande wa pili, mahali ambapo rangi ilikuwa bado ipo. Akajaribu tena. Dole likatua pale pale.

"Basi kuna mtu mwingine," Farouk alisema kwa sauti ya chini. "Wa mkono wa kushoto. Na mzee, uniwie radhi, ameishika kuliko wewe."

 Mzee alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Bastola ile hulala kwenye sanduku la chuma lililofungiwa ukutani chumbani kwake, na ufunguo ni mmoja. Kisheria hakuna mkono mwingine unaopaswa kuigusa. Farouk alimfungia mzigo wake upesi upesi, akasema yeye hataki kujua zaidi, aende nyumbani akaulize, halafu habari ya rangi wataizungumza siku nyingine.

Mzee hakumbuki alifikaje Mumias. Kichwani alikuwa anawapanga watu wa nyumba yake mmoja mmoja na kuitazama mikono yao. Phanuel ni wa kulia. Mabinti zake wote ni wa kulia. Alipofika kwenye njia panda ya Mayoni, akiwa amesimama kando ya trekta la mtu, ndipo lilipomjia jambo alilokuwa amelisahau miaka nenda miaka rudi.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yao alirudi mapema kutoka shambani, akamkuta Muhonja jikoni peke yake anasonga obusuma, ndio ugali, kwa mkono wa kushoto, haraka na kwa ustadi ambao hakuwahi kuuona mbele ya wageni. Msichana wa watu alishtuka nusura aangushe mwiko. Kwao Iguhu, alimweleza huku akilia, nyanya yake alikuwa akimfunga mkono ule kwa kamba ya katani wakati wa kula, kwa sababu nani atamwoa msichana anayempa mtu chakula kwa kushoto? Alimwomba asimwambie mama mkwe. Osundwa hakumwambia. Aliitunza siri ile vizuri mno, mpaka yeye mwenyewe ikamtoka.

Basi ni Muhonja. Na wazo lililofuata lilimchoma kama mkuki: mke wangu amekuwa akitaka kuniua. Hakulifukuza. Alitembea nalo mpaka kwenye lango lake la kijani.

Alimkuta nyuma ya jiko, amekalia kigoda, anachambua majani ya kunde. Hakuwa amesikia hatua, kwa hiyo alikuwa anachambua kwa kushoto. Mzee aliifungua bahasha ya kitambaa, akaiweka bastola juu ya jiwe la kufulia, katikati yao.

"Mama Phanuel, umekuwa ukifanya nini na hii?"

Muhonja aliitazama. Hakukana, wala hakuuficha mkono wake wa kushoto. Alichouliza ni kimoja tu: kama imeshapakwa rangi. Mzee akasema bado.

"Afadhali," alisema. "Ukiipaka, nitajuaje pa kushika gizani?"

Mzee aliuliza gizani anaishikia nini.

"Nakuwanga natoa risasi," Muhonja akaendelea, kama mtu anayeeleza jinsi anavyofunika moto. "Ukilala, nachukua ufunguo chini ya mto wako, natoa. Alfajiri kabla hujaamka, narudisha."

"Tangu lini?"

"Tangu imondo."

Imondo ni firigisi ya kuku. Katika boma la Mluhya, kuku, ingokho, akichinjwa, imondo ni ya baba mwenye nyumba, na mtoto anayeigusa amejitafutia maneno. Maneno tu, lakini, au kofi moja. Mzee Osundwa alisema hakumbuki imondo yoyote. Muhonja alisema anajua hakumbuki. Aliinuka, akaingia jikoni, akarudi na kibuyu cha mbegu za wimbi, akazamisha mkono ndani, akatoa kitu na kukiweka kwenye kiganja cha mumewe.

Ilikuwa risasi nzima. Katikati ya kitako chake palikuwa na kishimo kidogo, pale nyundo ya bastola inapogonga.

Alimsimulia akiwa amesimama. Phanuel alikuwa kidato cha pili, shule zimefungwa, amefika nyumbani jioni na njaa ya safari. Kuku alikuwa amechinjwa, baba hayupo, yuko matangani tangu juzi. Mtoto akala imondo. Baba aliporudi alikuwa amelewa chang'aa, akainua kifuniko cha sufuria, akaitafuta, akauliza, na mtoto akasema ukweli. Baba akacheka. Wote wakacheka pamoja naye. Kisha akaingia chumbani, akatoka na bastola, akamwambia mtoto apige magoti, akamwekea mdomo wa bastola kwenye paji la uso, akavuta kifyatulio. Ikalia ta. Haikutoka. Akasema, "Umeona?" na akaenda kulala. Asubuhi aliuliza kwa nini chai imechelewa.

Mzee alitaka kusema ni uongo. Lakini risasi ilikuwa mkononi mwake, yenye chapa ile ile ya zake zote. Na aliikumbuka. Mwaka ule ilipungua moja kwenye hesabu, akaripoti polisi kwamba imeanguka shambani, akakemewa sana. Alikuwa amewachukua vijana wake wa kupakia, wakapekua mistari ya miwa nusu siku nzima wakiwa wameinama. Muhonja alikuwa amesimama kwenye lango hili hili akiwatazama.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilimtisha, ilikuwa kama ya mtoto.

"Ningesema kwa nani? Kwa mama yako? Polisi wangekuchukua, na karo ya watoto nani angelipa? Nikajua mkono wangu utatosha."

"Lakini niliacha pombe. Mama Phanuel, nimeacha zamani."

"Najua uliacha," alisema. "Ni mimi sikuacha."

Mzee alimuuliza, akiwa anaogopa jibu, kama hata juzi alizitoa. Muhonja akasema hata juzi. Kisha akarudi kwenye kigoda chake kumalizia kunde, kwa sababu jua lilikuwa linashuka. Mzee Osundwa alibaki amesimama. Alikuwa amelala karibu na mwanamke huyu maisha yake yote, akikoroma, akidhani ndiye mlinzi wa nyumba, na nyumba ilikuwa inalindwa dhidi yake. Aliona haya mpaka masikio yakamlia.

Hakurudi kwa Farouk. Kesho yake aliipeleka bastola kituo cha polisi pamoja na risasi zote, na ile yenye kishimo, akasema anairudisha kwa serikali. Afisa aliipindua, akaona ilivyochakaa, akasema ingefaa aipake rangi kwanza aiuze kwa mwenye duka. Mzee akasema aiandike tu ilivyo.

Halafu akampigia Phanuel simu. Alimwambia bastola haipo tena, imerudi serikalini.  Safari hii mtandao ulikuwa mzuri. Aliweza kumsikia mjukuu wake akilia huko Nakuru, na mtu akimbembeleza. Mwishowe Phanuel alisema watakuja Jumamosi. Kama watalala, hakusema, na mzee hakuthubutu kuuliza.

Walikuja, yeye na mkewe Teresa na mtoto. Phanuel akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Kuku alichinjwa, obusuma ikaletwa, na Muhonja akawagawia wote kwa mkono wa kulia kama alivyofunzwa. Imondo aliiweka kwenye sahani ya mumewe. Mzee aliichukua mbele ya mkamwana, akaivusha meza na kuiweka kwenye sahani ya mwanawe.

"Mwanangu, nimeambiwa," alisema. "Sikumbuki, lakini nimeambiwa."

Phanuel aliitazama ile firigisi. Usoni hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomshtua mzee zaidi, maana hasira angeijibu kwa kuomba msamaha.

"Mimi huwa sili imondo, Baba," alisema, akaisogeza pembeni ya sahani kwa kidole.

Teresa aliangalia mtoto wake. Mzee Osundwa hakujua kama airudishe kwenye sahani yake au aiache pale ilipo, na mkono wake ulibaki hewani juu ya mchuzi.

Ndipo Muhonja, bila kuomba ruhusa ya mtu, alipounyosha mkono wa kushoto juu ya meza, mbele ya mumewe, mwanawe na mkamwana, akaichukua imondo na kuitia mdomoni. Imondo ni ngumu. Akaitafuna polepole, na wote wakamngoja amalize.