Aliyekaa Benchini Mbele ya Kanisa

Pale Kabuta, kijijini kwetu kando ya ziwa, harufu ya chisense ndiyo iliyotuambia majira. Dagaa hao walianikwa mchangani asubuhi, na kufikia adhuhuri hapakuwa na kitu nyumbani kisichonuka samaki. Kisha kila mwaka serikali ilifunga ziwa ili samaki wazaane, harufu ikafifia, mitumbwi ikapinduliwa, na baba, kama wanaume wengine, akaenda upande wa Mwansabombwe kutafuta vibarua vya shamba. Mwaka ninaoukumbuka, harufu ilipoondoka miguu ya mama ilikuwa imeanza kuvimba.

Mama alitoka Kilwa ya ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na kati ya vitu alivyovuka navyo kuja kuolewa ilikuwamo picha ya kanisa. Babu, baba yake, alimpikia padri mzungu, na padri aliporudi kwao alimwachia picha hiyo ya mji aliozaliwa, mji wenye maji ya moto yatokayo ardhini, ambako wagonjwa walikwenda kuoga ili wapone. Ilikuwa kuukuu tangu mikononi mwa padri, imegeuka rangi ya chai. Mama alipokuwa hawezi tena kuvuka baraza, aliniomba niitungue ukutani, tukaikagua kila alasiri: mnara mwembamba, madirisha marefu, ngazi za mawe, na uwanja mpana usio na mtu, mbwa wala mkokoteni. Mtu alikuwa mmoja tu, amekaa kwenye benchi kando ya mlango, blanketi magotini, anaonekana wazi hadi ukingo wa kofia yake.

"Mama, huyu mutu anangoja nini?" nilimwuliza.

"Anangoja mayi, mwanangu. Benzake bote beko ndani, banaoga. Zamu yake itafika."

Nikaamini. Mfa maji haachi kutapatapa, nami nilitapatapa kwa ndoo: nilichota ziwani, nikachemsha, nikatia chumvi, mama akatumbukiza miguu huku picha imeegemezwa mbele yetu. Alicheka, akasema tumefika Ulaya bila pasipoti. Majirani walipita na majembe yao na baiskeli zisizo na samaki, na mama aliwajibu wote bila kuinuka. Walituambia subira huvuta heri. Labda heri hiyo ilivutwa na watu wa nyumba nyingine, maana kwetu haikufika. Uvimbe ulipanda hadi tumboni, kliniki wakasema apelekwe hospitali kubwa, na kabla hajapatikana wa kumpeleka, akafariki. Baba alirudi akakuta tumeshazika. Chisense walipoanikwa tena niliichukia harufu yao, na mpaka leo sijapatana nayo.

Mwaka huu niliipeleka picha kwa Mkongomani mmoja mpiga picha, mwenye kibanda Nchelenge, ainakili kabla haijafutika yote. Aliikuza kwenye kompyuta, akaninyooshea kidole kwenye uwanja ule mtupu. Palikuwa na madoa mepesi hapa na pale, mfano wa moshi wa jikoni.

"Ona hii moshi, dada. Ni batu," alisema. "Kamera ya zamani ilikuwa polepole sana. Mwenye kutembea alikuwa anapotea. Huyu alibakia sababu hakutembea."

Nilimlipa, nikaenda kukaa ufukweni, nikalia. Kumbe uwanja ulikuwa umejaa watu wenye miguu yao, wanakwenda zao, na kamera ikamshika yule aliyeshindwa kuinuka. Kama zamu yake ilifika, hakuna wa kuniambia. Leo simu yangu imejaa picha za harusi, za samaki, hata za sahani za chakula, lakini ya mama sina hata moja. Sauti yake ninayo. Uso nikiuita hauji. Na msimu ule wote alikaa barazani mchana kutwa, kwenye mwanga mzuri, ametulia tuli. Hata kamera ile ya polepole ingempata vizuri. Hakuna aliyepita nayo.