Mama wa Dawati la Nyuma

Mke wangu alirudi shule akiwa na mvi. Mwalimu mzima, kafundisha watoto wa watu mpaka nao wamezaa, siku moja ananiambia anakwenda kusomea shahada ya uzamivu katika elimu. Nikamwuliza, hivi bado kuna kitu hukijui? Akacheka, akasema ndicho anachokwenda kukitafuta. Mimi ni fundi makochi, kazi yangu mbao, sponji na misumari. Nikasogeza cherehani ukutani, nikampa kona ya karakana aweke meza yake. Makochi ya wateja upande huu, vitabu upande ule, na vumbi letu sote.

Alichokuwa anakitafuta, kwa jinsi nilivyomwelewa, ni hiki: mtoto akiwa darasani huuliza swali wakati gani, na mwalimu hufanya nini swali likishaulizwa. Hilo tu! Nikamwambia, wanetu walipokuwa wadogo waliniuliza maswali mpaka nikawa najificha chooni, si ungekuja kwangu bure?

"Nyumbani wanauliza," akaniambia. "Wakivuka mlango wa darasa wananyamaza. Nataka kujua kwa nini."

Akachagua shule anayofundisha shoga yake waliyesoma naye chuo cha ualimu. Akawa anakaa dawati la nyuma, magoti yamemfika kifuani, anasikiliza na kuandika. Na maswali, weee, yalimiminika! Alikuwa akirudi nyumbani uso unang'aa. "Mume wangu, wale watoto ni moto! Wanauliza mpaka mwalimu anakosa pa kushika." Msimamizi wake wa chuo kikuu, mzee mkavu asiyejua kusifu, aliisoma sura ya kwanza ya matokeo akaandika pembeni: vizuri sana. Siku hiyo nilifunga karakana mapema, tukatoka kula nje kama wachumba.

Kisha likatokea la kutokea. Kilikuwa kipindi cha sayansi. Shoga yake ameingia, ameandika tarehe ubaoni, hajasema hata leo wanasoma nini. Mtoto mmoja akasimama wima: "Mwalimu, na mizizi ikioza, mti utakula kwa wapi?"

Mwalimu akamwambia kwa sauti ya chini, "Bado. Kaa."

Bado! Kalamu ilimsimama mke wangu mkononi. Kengele ilipolia alimfuata shoga yake ofisi ya walimu, akafunga mlango. Hakuhitaji kumbana sana. Watoto walikuwa wamegawiwa maswali. Kila kipindi alichokuja kukaa, siku iliyotangulia darasa lilifanya mazoezi: wewe utauliza hili, wewe lile, mimi nikishasema hivi. Walimu wote wa darasa lile walishiriki, na mwalimu mkuu alijua.

"Sasa ungeandika nini, shoga yangu?" yule mwalimu akamwambia, machozi yanamlengalenga. "Hawa hawaulizi. Tulikuona kwa umri huu unahangaika na vitabu, tukasema mwenzetu asije akaaibika. Tulitaka ufaulu."

Alikwenda kugomba, akaishia kumkumbatia. Ndivyo alivyo huyo mwanamke. Mimi ndiye niliyewaka.

"Andika hivyo hivyo!" nikamwambia aliponisimulia. "Maswali yameulizwa, hayakuulizwa? Nani atajua?" Maana nilijua kinachomkabili. Chuo kilikuwa kimemwongezea muda mara ya mwisho. Muhula unaofuata ukiisha hana tasnifu, jina linafutwa, na miaka yote ile imekwenda na maji.

Akanitazama, akagonga kochi nililokuwa nalipigilia. "Na hili ukilijaza magazeti, ukalivika kitambaa kizuri, nani atajua?"

"Atakayelikalia," nikasema kabla sijajizuia. Nikazidi kukasirika, maana alinishinda ndani ya karakana yangu mwenyewe.

Alikwenda kwa msimamizi akamweleza yote. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akamwambia, "Ukizifuta data hizi, na muhula ujao ukaisha uko mikono mitupu, sitakuwa na la kuiambia kamati." Mke wangu akajibu, "Nazifuta." Aliponieleza hayo hasira zangu zikaisha, nikabaki namwonea huruma tu.

Muhula mpya ulipoanza akarudi dawati la nyuma. Aliwaomba walimu wafundishe kana kwamba hayupo. Mwanzoni walinuna, baadaye wakazoea. Na alivyoambiwa ndivyo ilivyokuwa: kimya. Mwalimu anamaliza, anauliza, "Kuna swali?" Darasa zima linaimba, "Hakunaaa!" Jioni namwuliza, vipi leo? "Hakunaaa," ananijibu. Siku za mwanzo tulicheka, baadaye hatukucheka tena. Alikonda. Muhula ulikuwa unayoyoma, na msimamizi alikwishamwambia kwamba kimya peke yake hakijazi tasnifu. Alihitaji angalau mahali pamoja ambapo mtoto ameuliza kwa hiari yake, aone mwalimu anafanyaje.

Siku za mwisho mwisho, shoga yake alimaliza kipindi, akauliza kama kawaida, "Kuna swali?" Kabla darasa halijaimba, mtoto mmoja wa kike aliyekaa mbele akanyoosha mkono.

"Swali langu si la kwako, mwalimu. Ni la yule mama wa nyuma." Akageuka. "Mama, kwa nini muhula uliopita ulikuwa hapa, na sasa upo tena? Ulifeli?"

Shoga yake alikwishafungua mdomo kumkaripia mtoto. Mke wangu anasema aliuona mdomo ule ukifunguka, halafu ukafungwa polepole. Mwalimu akasogea pembeni, akamwambia mke wangu, "Ameuliza. Mjibu."

"Nilifeli," mke wangu akasema. "Niliandika mambo ambayo hayakuwa ya kweli, ikabidi nirudie."

Lo! Mikono ikanyooka kila upande. Walikuchapa? Mumeo anajua? Mtu mzima akirudia darasa, wadogo zake wanamcheka? Mke wangu anajibu huku anacheka, machozi yanamtoka, kalamu kaisahau kabisa. Halafu yule yule wa mbele, sauti imempungua, akauliza tena.

"Ni sisi tuliokufelisha?"

Hapo hakuna aliyecheka. Shoga yake aligeukia ubao, akawa anafuta mahali palipokwisha kufutika. Mke wangu alinyanyuka, akapita katikati ya madawati, akachuchumaa mbele ya mtoto, akamwambia, "Hapana, mwanangu. Nyinyi mlifanya mlichoambiwa."

Jioni ile aliyaandika yote mezani kwake, nami nimesimama nyuma yake na nyundo mkononi, kazi ya mteja nimeisahau. Tasnifu iliyompa udaktari inaanza na swali la mwisho la mtoto yule. Chini yake ameweka jibu alilompa, neno kwa neno, na mpaka leo hawezi kulisoma kwa sauti.