Marehemu Aliyekamua Ngamia Wangu

Wanaosema jua lilinipiga, waje waseme mbele yangu. Nimezaliwa na jua hili, nimezeeka nalo, halijawahi kuniangusha. Nilichokiona mlimani, kule juu ya barabara ya Kakuma, nilikiona mchana kweupe.

Nilikuwa nalea mjukuu wangu Lokwang, bado mchanga kabisa. Mama yake, binti yangu, alikuwa amelazwa Lodwar, ugonjwa umemkausha maziwa. Basi mtoto aliishi kwa maziwa ya ngamia wetu mmoja tu aliyekuwa amezaa. Halafu ngamia akaanza kurudi jioni mkavu, kiwele kimelala kama mfuko mtupu. Mtoto analia mpaka sauti inakatika. Ungekuwa wewe ungekaa?

Nikamfunga ndama nyumbani, nikamwachia jirani mtoto, nikamfuata ngamia nyuma nyuma. Alipanda mlima bila kung'oa hata jani, kama mtu aliyeitwa. Huko kwenye miamba nikaona mwanamke amesimama kwa mguu mmoja, kibuyu juu ya goti, anakamua. Mwizi! Nikaokota jiwe. Akageuza uso.

Nakiru. Mke mwenza wangu. Niliyemzika mimi mwenyewe kwenye mlima huo huo, nikamrundikia mawe mpaka mgongo ukapinda.

Niamini. Ngamia haachilii maziwa mpaka ndama wake aguse kiwele, kila mfugaji anajua, na ndama nilikuwa nimemfunga nyumbani. Lakini kwa huyu povu lilikuwa linapanda! Tena anakamua chuchu zote nne. Kwetu mbili ni za watu, mbili ni za ndama. Hata mwizi anaheshimu hilo.

Woga? Woga ulikuja baadaye. Kwanza ilikuja hasira.

"Nakiru! Kufa kumekuondolea haya? Mbili ni za ndama!"

Hakushtuka. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama tope lililokauka. Akanisalimia kwa lugha yetu, "Ejok, mwenzangu. Naona bado una domo lile lile."

"Usinisalimie! Mjukuu wetu anakufa njaa!"

"Na mimi naungua. Nani amenifunua?"

Akaonyesha kwa kidevu upande wa nyuma yangu. Niligeuka kidogo tu. Nilipomrudishia macho, hakuna mtu. Ngamia amesimama peke yake, maziwa yamemwagika juu ya mwamba, siafu tayari wamefika.

Nikaenda alikoonyesha. Rundo la mawe yake halipo! Udongo mtupu, na alama za magurudumu ya lori mpaka pale pale alipolala. Watu wanaojenga barabara mpya walikuwa wamezoa mawe wakasage kokoto.

Niliteremka mpaka kambi yao. Msimamizi ni kijana mgeni wa kutoka chini huko, kofia ngumu kichwani.

"Shosho, mawe ni mawe," akaniambia. "Kunywa maji, jua limekupiga."

"Shosho ni nyanya wa kwenu! Ungeng'oa kaburi la nyanya yako ukajengee choo?"

Wenzake wakamcheka. Akaona aibu. "Sasa kaburi halina hata msalaba, tungejuaje?"

"Mngeuliza! Huu mlima una wenyewe!"

Hakunirudishia hata jiwe moja, yote yalikuwa yameshasagwa. Sisi wanawake wa hapa ndio tuliobeba mawe mengine kutoka mto mkavu, mzigo juu ya mzigo, tukamfunika Nakiru upya. Nilimwekea tumbaku, nikammwagia maji. Nikamwambia, "Lala sasa. Mtoto ni wako pia."

Kesho yake maziwa yalirudi. Lokwang leo anakimbiza mbuzi, na mama yake alipona. Lakini huyo ngamia akifika kwenye barabara mpya hasogei. Anaganda ukingoni, shingo ameirefusha, ananusa lami, machozi yanamtoka. Madereva wanapiga honi, wananitukana. Mimi nawaangalia tu. Wao wanajua wanakanyaga nini?

Tena si mawe yote yaliyokwenda barabarani. Kokoto nyingine ziliuzwa mjini, lori baada ya lori, na hakuna mnunuzi aliyeuliza zimetoka wapi. Kwa hiyo wewe uliyejenga juzi Lodwar au Kakuma, sikiliza. Ukiona maziwa yanakauka nyumbani kwako, ya mnyama au ya mama, usinipigie kelele na usikimbilie kwa mganga. Vunja sakafu.