Mashuka ya Bluu kwenye Uzio

Mtaani walimwita Bwana Koki, na jina lilimkaa, maana kazi yake yote katika kiwanda cha kutia nguo rangi ilikuwa kufungulia maji machafu yaingie mtoni. Alifungua koki mawingu yakitanda, ili tope la mvua lifiche rangi. Kwa ujanja huo mdogo alijiona mtaalamu, akatembea kifua mbele.

Siku moja mawingu yalitanda, akafungua, na mvua haikunyesha. Mto ukageuka bluu. Chini kidogo ya kiwanda, mama mkwe wake, dobi wa nyumba ya wageni, alikuwa akisuuza mashuka meupe. Akayabeba yakichuruzika mpaka getini.

“Mkwe wangu, nini hiki?”

“Mvua ya huko juu, mama. Imezoa tope.”

“Tope la bluu! Na huko juu vumbi limejaa mpaka kwenye kope! Funga koki, baba. Mto huu ndio unaonilisha, na ndio uliomlea mkeo.”

“Mimi natumwa tu, mama.”

Mama hakubishana na mtu wa namna hiyo. Aliyatandaza mashuka kwenye uzio, upande wa barabarani, kila mpita njia aone. Watu wakaanza kujaa. Meneja akachungulia dirishani, akaamuru yaondolewe.

Koki ilikuwa bado wazi. Bwana Koki aliipita, akaenda kuyaanua mashuka moja moja, mama mkwe wake akimtazama, na akayakunja vizuri kabisa.